Tangi la kaka limeota manyoya, na kila Ijumaa anataka kuliona

Shikamoo shangazi,

Naomba jina langu usilitaje kabisa maana kaka yangu anasoma safu yako na hili jambo linamhusu yeye.

Mimi ni dada wa miaka 34, kwetu Tanga, nipo Leicester hapa Uingereza mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi nyumba ya wazee, shifti za usiku. Nilikuwa nakaa na kaka yangu mkubwa mpaka mwaka jana mwezi wa tisa alipopata mkataba wa kazi Doha, miezi 18. Kila kitu chake aliuza au aligawa, gari, kitanda, mpaka televisheni. Kitu kimoja tu hakuuza, tangi lake la samaki wa maji chumvi, lita 240, lenye mawe na matumbawe hai, klauni wawili na yule kangaja wa manjano. Amelilea miaka sita shangazi. Usiku wa kuondoka aliniachia daftari lake lenye maelezo yote akaniambia dada'angu, wengine wote wangeniuliza naliuza bei gani, wewe tu ndo hukuuliza, basi nakuachia wewe.

Miezi minne ya kwanza lilikuwa zuri kweli. Mwezi wa kwanza nikahama, nyumba ya mwanzo kodi ilinishinda peke yangu, rafiki zake kaka wakanisaidia kulihamisha tangi na halikuvuja hata tone. Sasa mwezi wa tatu nikaanza kuona kama vumbi la kijani kwenye mawe, nikapuuza. Likawa manyoya. Saa hizi ninavyoandika ni kama zulia, nyuzi ndefu za kijani zinapepea kwenye mkondo wa pampu, mawe huyaoni, na lile tumbawe la nyundo ambalo kaka analipenda kuliko yote limezungukwa mpaka shingoni, nyama yake imerudi nyuma upande mmoja na mfupa mweupe unaonekana.

Na si kwamba nimelitelekeza! Nabadilisha maji lita 60, kaka alikuwa anabadilisha mara moja kwa wiki mbili, mi nafanya mara tatu kwa wiki. Chumvi peke yake inanila pauni 30 kila wiki. Nilinunua konokono kumi, saba wamekufa. Nilinunua dawa ya chupa dukani, mwani ukapauka siku nne afu ukarudi kwa nguvu. Nimepima maji, nitrati sifuri, fosfati kidogo sana, yaani maji ni masafi, ndo maana sielewi. Maji natumia ya bomba natia dawa ya kuondoa klorini, ile mashine ya kaka ya kuchuja mwenye nyumba alikataa isifungwe chini ya sinki.

Dukani wameniambia nimwage kila kitu, mawe niyaloweke kwenye jiki, nianze upya, na samaki watawachukua wao bila kunilipa. Mwenzangu kazini anasema kuna dawa ya fangasi ya binadamu, flukonazo, ukitia mwani unakufa wote. Mama kule Tanga anasema uza hilo dubwasha, samaki ni wa kula.

Sasa jambo linaloniua. Kaka anapiga simu ya video kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, na kitu cha kwanza ni nionyeshe watoto. Alhamisi nasugua kona moja ya kulia kwa mswaki, Ijumaa namwonyesha kona hiyo hiyo. Wiki tatu zilizopita hata kona ilinishinda, nikamwambia kamera mbovu, nikamtumia video ya mwezi wa kumi na moja. Akaangalia akanyamaza kidogo akasema Mungu akubariki dada'angu. Nilikaa jikoni nikalia.

Asubuhi nikirudi kazini saa mbili nawasha taa ya tangi, nakunywa chai yangu pale mbele, kangaja anakuja kwenye kioo nampa chakula, klauni nao wanakuja. Ndo saa pekee ya siku naona kama nipo na watu wangu. Sasa hata hiyo chai siinywi tena vizuri.

Kaka anarudi mwezi wa tatu. Nitie dawa? Nimwage? Niwagawe? Au nimwambie, aseme nimemuulia tangi lake?

Mwenye kona moja safi, Leicester

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kama shangazi na ya pili kama mtu aliyefuga samaki wa maji chumvi miaka kumi na moja, na nikuambie kitu kabla ya vyote, mtu anayebadilisha maji lita 180 kwa wiki baada ya shifti za usiku hajatelekeza kitu chochote. Umechoka, tena umechoka kwa kufanya kazi kubwa kuliko aliyokuwa anaifanya kaka yako mwenyewe. Hapo ndipo niliposimama nikajiuliza, mbona mwenye kufanya zaidi ndo linamharibikia zaidi?

Kama nimekuelewa una mambo mawili yamefungwa kamba moja. Kuna mwani kwenye tangi, na kuna ile video ya mwezi wa kumi na moja. Umeyaandika kama kitu kimoja, kwamba ukiua mwani na video itakuwa imefutika. Mi nadhani tuyafungue tuyaangalie moja moja.

Tuanze na maji. Umeandika maji ni masafi maana kipimo kinasema sifuri. Sasa fikiria umeingia jikoni ukakuta sufuria tupu, utasema leo hakijapikwa? Angalia kwanza matumbo ya watoto. Mwani mwingi namna hiyo unakula nitrati na fosfati palepale zinapoingia, kipimo kinabaki kupima makombo. Mawe nayo yanafyonza fosfati na kuitoa polepole. Kwa hiyo sifuri yako inaweza kuwa kweli na bado tangi linalishwa kila siku. Tena angalia tarehe kwenye kile kipimo, kemikali zake zikipitwa na muda zinadanganya bila aibu.

Ile sentensi ya maji ya bomba umeipitisha harakaharaka hapo mwishoni, nami ndo nimekaa nayo muda mrefu kuliko zote. Sehemu kubwa ya Uingereza makampuni ya maji yanatia fosfati kwenye maji kwa makusudi, ili mabomba ya zamani ya risasi yasiachie risasi ndani ya maji ya kunywa. Kwa binadamu haina shida, ni kinga. Nitrati nayo sheria inaruhusu mpaka miligramu 50 kwa lita. Ile dawa yako ya kuondoa klorini inaondoa klorini tu, hivyo viwili haivigusi. Tuseme, kwa mfano tu maana bomba lako sijalipima, lita moja ina miligramu 2 za fosfati. Wewe unaingiza lita 180 za kubadilisha na labda 20 za kujazia yaliyokauka, hizo ni miligramu 400 kila wiki. Tangi la matumbawe la lita 240 likiwa sawa, fosfati ikiwa chini ya 0.1 kwa lita, ndani nzima hazizidi miligramu 24. Ni kweli nyingine inatoka na maji unayomwaga, ila unaona mizani inalalia wapi. Na yale ya kujazia ni mabaya zaidi maana maji yanapaa lakini kilichomo hakipai, kinabaki na kulundikana.

Kwa hiyo mwanangu inawezekana kabisa, sisemi ndiyo, nasema inawezekana, kwamba kila ukilisafisha ulikuwa unalilisha. Na angalia kalenda yako mwenyewe, miezi minne mashine ya kaka ilikuwa inafanya kazi tangi likawa zuri, ukahama mwezi wa kwanza, wa tatu vumbi la kijani. Unaweza kulihakikisha kesho kwa dakika kumi, kinga glasi ya maji ya bomba, pima fosfati na nitrati za hiyo glasi badala ya tangi. Namba zikiwa juu umepata mlango. Zikiwa chini basi nimekosea na tutafute kwingine.

Na kwingine kupo. Taa. Unaiwasha saa mbili asubuhi, nahisi unaizima ukienda kazini jioni, hapo ni masaa kumi au kumi na moja ya mwanga. Wengi wanaofuga matumbawe wanaishia masaa nane kwa siku, na ile rangi nyeupe wanaipunguza wanaacha ya bluu zaidi. Halafu chakula. Daftari la kaka linasema mara ngapi kwa siku? Usinijibu, kajibu hapo mbele ya kioo. Samaki anayekuja kwenye kioo hata akishiba atakuja, hana namna nyingine ya kukuamkia. Nimeona umeandika ndo saa pekee unayojisikia upo na watu wako, na nisingependa uipoteze kwa sababu ya mwani. Unaweza kukaa na chai yako saa nzima ukampa chakula kidogo cha dakika mbili, amalize, ukabaki unamwangalia tu.

Sasa hizo njia ulizoletewa.

Kumwaga kila kitu na kuloweka kwenye jiki kunaua mwani, hilo halina ubishi. Kunaua pia bakteria wote wanaoishi kwenye mawe, wale wanaobadilisha uchafu wa samaki usiwe sumu, na kuwarudisha ni wiki nyingi, wakati huo klauni na kangaja wanahitaji pa kukaa. Afu ukishaanza upya utajaza maji gani? Kama ni yale yale ya bomba naogopa mwezi wa tatu kaka atakuta manyoya mapya kwenye mawe yaliyokufa.

Ile dawa ya fangasi kuna wafugaji wameitumia na ikawafaa, sikufichi, hasa kwa mwani mmoja unaoitwa briopsisi ambao konokono wengi hawautaki. Wanaweka kama miligramu 5 kwa lita na kusubiri wiki mbili mpaka tatu. Kwa tangi lako hiyo ni miligramu 1,200, vidonge nane vya 150, na hiyo ni dawa ya watu, famasi watakuuliza maswali na wana haki. Hatari yake kubwa ni kwamba mwani wote huo ukifa kwa pamoja unaoza ndani ya maji, unashusha oksijeni na kuachia chakula chote ulichokuwa umekihifadhi, na aina nyingine inakuja kurithi. Uliona ile dawa ya chupa, siku nne afu ukarudi kwa nguvu. Mtu akitaka kuelekea huko angalau aujue kwanza mwani wake. Chomoa kishungi kimoja, kiweke kwenye kisosi cheupe chenye maji ya tangi, kiache kitulie, ukiangalie kwa tochi ya simu. Kikitanda kama unyoya wa kuku, uti katikati na vijani pembeni, huenda ni briopsisi. Kikiwa nywele tu zisizo na mpango ni mwani wa nywele wa kawaida, na huo ukinyimwa chakula na kung'olewa unachoka.

Kung'oa ndiko kunakochosha na ndiko ninakokuamini mimi. Jiwe moja moja, siyo yote siku moja, unalitoa na kuliweka kwenye ndoo ya maji ya tangi, unang'oa kwa vidole, unasugua kwa mswaki, unasuuza kwenye maji ya tangi, unarudisha. Uzuri wake kila konzi unayotupa unatupa na fosfati iliyomo ndani. Mimi ningeanzia pale kwenye tumbawe la nyundo, shingoni, taratibu kwa kibano, usiguse nyama. Mfupa uliobaki wazi haumaanishi limekufa, vichwa vilivyobaki vikiwa vinafunguka asubuhi bado limo.

Konokono wako usijilaumu sana. Wakimwagwa moja kwa moja kutoka mfukoni huwa wanakufa, wanataka saa nzima ya kudondoshewa maji kidogokidogo. Na hata wakiwa hai, wao na kangaja wanapenda mwani mfupi, ule mrefu hawauwezi. Sisi watu wa pwani hili tunalijua bila kufundishwa, waulize akina mama wanaolima mwani Zanzibar jinsi tafi wanavyowamalizia vile vichipukizi vichanga kwenye kamba. Baharini mwani upo siku zote mwanangu, hauuoni kwa sababu tafi, kangaja na pono wanaula kabla haujarefuka. Mwaka 1998 maji ya pwani yetu yalipopata joto na matumbawe mengi yakafa, mwani ulipanda juu ya mifupa ile ndani ya muda mfupi, ulikuwepo unasubiri nafasi. Kwa hiyo hata tangi la kaka lilipokuwa linang'aa mwani ulikuwemo. Ulikuwa unaliwa haraka kuliko unavyoota, basi.

Kuna watu watakwambia ununue tafi mmoja, wale wenye uso wa mbweha wanauzwa huko na wanakula mwani kweli. Ila wanakua zaidi ya sentimita 20 na miiba yao ina sumu, na lita 240 tayari ni finyu kwa kangaja wako.

Kuhusu maji, kumuudhi mwenye nyumba si lazima. Maduka mengi ya samaki huko yanauza kwa lita maji ya RO, yaani yaliyochujwa mpaka karibu hayana kitu ndani, unaenda na galoni za lita 25. Au zipo mashine ndogo zinazochomekwa kwenye mdomo wa bomba la jikoni unazitoa ukimaliza, hakuna kutoboa. Itakuchukua muda na mgongo utauma, lakini hutahitaji tena lita 180, na hizo pauni 30 za chumvi zitapungua sana. Badilisha taratibu tu, ukiishusha fosfati kwa ghafla matumbawe nayo yanashtuka, na ukifika sifuri ya kweli kuna utelezi wa kahawia wenye mapovu unaopenda maji ya namna hiyo, huo ni mbaya kuliko nywele. Hesabu miezi. Mara nyingi huwa linazidi kuwa baya kidogo kabla halijaanza kupungua, usije ukakata tamaa wiki ya tatu.

Sasa Ijumaa.

Umeandika kaka atasema umemuulia tangi. Hayo maneno ameyasema yeye au umemsemea? Nimemtafuta mtu huyo kwenye barua yako sikumwona. Niliyemwona ni mtu aliyeaga usiku akakwambia wewe tu hukuuliza bei. Na kuna kitu kimoja nakuuliza kwa upole, alipotazama ile video akanyamaza kidogo, unajua alichonyamazia? Mtu aliyelea tangi miaka sita anajua kila jiwe lake lilipokaa. Lile tangi umelihamisha mwezi wa kwanza. Dirisha la nyuma ni lile lile? Mawe yamepangwa vile vile? Sisemi amejua, mimi sijui. Ila huenda na yeye ana kitu anakitunza ndani huko Doha, hataki kukuaibisha.

Kumwambia kuna hatari zake. Anaweza kukasirika, na wa mbali akikasirika hana pa kupeleka, anaweza kulala na wasiwasi na hawezi kushika hata mswaki. Inaweza ikabidi ukae na ukimya wake wiki mbili. Kutomwambia nako kuna gharama na umeshaanza kuilipa, kila Alhamisi. Katikati kuna njia nyingine, ya kumuuliza badala ya kukiri, kaka mashine yako mwenye nyumba ameikataa, tangi limeanza kuota, wewe miaka ya mwanzo ulifanyaje? Mi sijakutana na mfugaji ambaye tangi lake halikupitia kipindi kibaya cha kijani, na labda ndani ya daftari lile kuna ukurasa wake wa miezi mibovu ambao hujaufungua. Njia hiyo ni nyepesi kwa kuanzia, ila video bado itabaki pale, na utajua mwenyewe kama unaweza kuibeba mpaka mwezi wa tatu.

Kumpa mtu mwingine tangi nako si dhambi. Ukipima nguvu zako ukaona shifti za usiku na galoni za maji haviendi pamoja, kuna wafugaji wengine Leicester, pengine hao hao rafiki zake waliokusaidia kuhama, wanaoweza kukaa na samaki mpaka arudi. Hilo tu naona litamuuma zaidi akilikuta limeshafanyika kuliko akiulizwa.

Mama mwambie nimemsikia na samaki wa kula nawapenda kama yeye.

Pima hiyo glasi ya bomba mwanangu, na ukichomoa kile kishungi kwenye kisosi niandikie kimekaaje, unyoya au nywele, nitakusubiri.